Je, Wajua? Shaba na kobalti ndani ya kanisa

Je, wajua kwamba misalaba ilikuwako nchi hii ya Kongo kabla ya misioni yoyote? Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wataalamu wa mambo ya kale walifukua makaburi mwaka 1957 na 1958, wakakuta misalaba ya shaba juu ya mifupa ya wafu. Ya zamani zaidi, ya karne ya 13 hivi, ni mikubwa na ililazwa kifuani. Ya baadaye ni midogo, ukubwa wake unakaribiana, nayo iliwekwa kiunoni na mikononi. Haihusiani kabisa na Yesu: ilikuwa mali ya wakubwa, kisha ikawa pesa. Mafundi waliyeyusha malakiti, lile jiwe la kijani, kwa makaa na mivukuto, wakaimimina shaba kwenye kalibu. Wafuaji wa karne ya 19 walijulikana kama walaji wa shaba, na mwaka 1926 habari zao ziliandikwa na padre Mbenedikto, Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu hapa Katanga.

Tutoke kwa wafuaji, twende kwa wachimbaji: kanisa kuu la jimbo la Kolwezi, jimbo lililoundwa mwaka 1971, ni la Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba madini. Hadithi yake ni ya waashi. Baba yake alimfungia ndani ya mnara wenye madirisha mawili. Binti akawaagiza mafundi watoboe la tatu kwa heshima ya Utatu Mtakatifu. Baba alimuua kwa hilo, kisha baba mwenyewe akapigwa radi, ndiyo sababu watu wa baruti walimfanya Barbara kuwa msimamizi wao. Ukiona sanamu ya mwanamke kando ya mnara mdogo, hesabu madirisha. Mwaka 1969 Roma iliiondoa sikukuu yake kwenye kalenda ya Kanisa zima, kwa kuwa habari zake hazikuthibitika. Wachimbaji hawakujali: tarehe 4 Desemba ni yake hadi leo.

Sasa tuje kwenye vioo vya rangi, maana hapa mtu wa Tenke ana haki ya kujivuna kidogo. Migodi ya Tenke na Fungurume hutoa madini mawili, shaba na kobalti, na hayo mawili ndiyo yaliyopaka rangi madirisha ya makanisa ya Ulaya. Sainte-Chapelle ya Paris, iliyotabarukiwa mwaka 1248, ni kanisa dogo la mfalme lenye madirisha makubwa 15. Ukiwa ghorofa ya juu, kuta karibu zote ni kioo. Bluu yake ni kobalti, na kiasi kidogo mno kilitosha kukoleza chungu kizima cha kioo kilichoyeyuka. Nyekundu ni shaba, nayo ilikuwa kazi ngumu zaidi: kioo cha shaba chenye unene wa kawaida huzuia mwanga hata kikaonekana cheusi. Mafundi wakabuni njia ya kuweka utando mwembamba wa nyekundu juu ya kioo kisicho na rangi. Shaba hiyohiyo, ikipikwa tanuruni penye hewa ya kutosha, hutoa kijani. Ni kweli kwamba kobalti ya zama zile haikutoka Lualaba. Lakini leo zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo.

  

Na kengele? Ni shaba karibu sehemu nne, bati sehemu moja. Shaba ni yetu, bati lilichimbwa Manono. Hata vinara vya mishumaa vya shaba ya njano vina zinki ndani yake, madini ya Kipushi. Bati ndilo linaloipa kengele mlio mrefu, lakini ndilo pia linaloifanya iwe rahisi kupasuka. Kengele iliyopata ufa ni vigumu kuiunga, na kwa kawaida huyeyushwa ikamiminwa upya.