Fahamu: Losheni ya jua kwa ngozi inayowasha upesi

Ukipaka losheni mpya na uso ukaanza kuchoma, usikimbilie ya bei kubwa zaidi. Geuza kopo usome viambato. Mara nyingi mchokozi ni manukato, na hapa kuna mtego: losheni isiyonukia si lazima iwe haina manukato, kwani nyingine hutiwa kemikali ya kufunika harufu.

Kwa ngozi nyepesi kudhurika, wataalamu wengi hupendekeza losheni zenye zinki oksaidi au titani dioksaidi. Hizi hazichokozi ngozi sana. Tatizo ni ule weupe unaomfanya mtu mweusi aonekane kama kapakwa unga. Tafuta zilizotiwa rangi ya udongo: oksidi za chuma zilizomo hupunguza weupe huo na kuzuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa usoni.

Namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga dhidi ya jua, isikutishe. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB inayounguza ngozi, na 50 asilimia 98. Kinachowaponza wengi ni kupaka kiduchu. Rudia kila saa mbili ukiwa juani. Kwa watu wenye ualbino, losheni ya jua ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi. Ndiyo maana huko Moshi, Tanzania, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili yao.

Kabla ya kupaka losheni mpya usoni, ijaribu ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa. Ikiwasha, achana nayo.