Unadhimu Mkuu wa Prussia
Unadhimu Mkuu wa Prussia (kwa Kijerumani: Großer Generalstab) ulikuwa chombo cha maafisa waliopanga vita tangu wakati wa amani, kwanza kwa Prussia, halafu kwa Dola la Ujerumani.

Ulitokana na matengenezo ya Gerhard von Scharnhorst baada ya Napoleon kulishinda jeshi la Prussia huko Jena mwaka 1806. Chini ya Helmuth von Moltke (1857–1888) maafisa wake waliandaa ramani na ratiba za reli, msaada mkubwa katika ushindi dhidi ya Austria (1866) na Ufaransa (1870–1871).

Baadaye ratiba hizo ziliwafunga wenyewe. Tarehe 1 Agosti 1914 Kaisari Wilhelm II alitaka jeshi lote lielekezwe Urusi. Mnadhimu Mkuu, Moltke mdogo (mtoto wa ndugu yake Moltke wa kwanza), alijibu kwamba haiwezekani. Mkataba wa Versailles (1919) uliamuru chombo hicho kivunjwe.