Baridi ya Alfajiri na Mkono wa Breki

Mtu atokaye Kasulu kwenda Kibondo kwa pikipiki alfajiri ya mwezi Julai hukutana na jambo linaloonekana kupingana na somo la jiografia. Darasani tumefundishwa kwamba kadiri tupandavyo juu ndivyo joto lipunguavyo, kwa wastani wa nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000. Ndiyo maana nyanda za juu za Kibondo na Kasulu zina baridi kuliko Kigoma mjini, kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Lakini msafiri wetu, akishuka kutoka mgongo wa kilima kuelekea daraja lililo bondeni, huhisi baridi ikizidi ghafla kana kwamba ametumbukizwa majini. Akipanda upande wa pili, baridi hupungua. Je, somo limekosea?

Halikukosea, ila halikueleza habari za usiku. Wakati wa kiangazi mbingu huwa nyeupe, bila mawingu ya kuirudishia ardhi joto lake. Usiku kucha ardhi hupoteza joto kwa njia ya mnururisho, na hewa iliyoigusa hupoa. Hewa iliyopoa ni nzito kuliko ile ya juu yake. Basi huteremka polepole kwenye miteremko, kama maji, na kutuama mabondeni hadi jua lichomoze. Mpanda pikipiki hupita katika ziwa la hewa baridi asiloliona.

Hapo huongezeka upepo autengenezao yeye mwenyewe. Mwili wa binadamu hujizungushia tabaka jembamba la hewa iliyopashwa joto na ngozi, na mtu akitulia tabaka hilo humkinga. Mwendo wa kilometa 60 kwa saa huliondoa kila mara, na ngozi hulazimika kupasha hewa mpya bila kukoma. Wamarekani Paul Siple na Charles Passel walilichunguza jambo hili huko Antaktika, kwa kupima muda ambao maji ndani ya chombo huchukua kuganda penye upepo wa kasi mbalimbali, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1945. Kanuni itumikayo sasa Marekani na Kanada ilitolewa mwaka 2001. Kwa kanuni hiyo, hewa ya nyuzi 10 ikivuma kwa kilometa 60 kwa saa huipoza ngozi ya uso kama hewa ya nyuzi 5 isiyo na upepo mkali. Kanuni hiyo haikutungwa kwa hewa iliyo juu ya nyuzi 10, kwa hiyo haifai kuitumia kwa asubuhi ya nyuzi 14 au 15. Lakini kinachotendeka kwenye ngozi ni kile kile. Msomaji asidhani kwamba upepo hushusha kipimajoto. Kipimajoto kikavu kilichofungwa kwenye usukani kitaonyesha joto la hewa tu, pikipiki iende au isimame.

Nguo zikilowa umande au manyunyu, hali huwa mbaya zaidi, kwani kila gramu ya maji ikaukayo juu ya mwili huchukua karibu jouli 2,400 za joto. Tena, barabara ya kutoka Kasulu kupitia Kibondo hadi Nyakanazi, iliyokuwa ya vumbi kwa miaka mingi, imekuwa ikiwekewa lami kwa hatua. Lami huleta mwendo kasi, na mwendo kasi huleta baridi.

Wengi huogopa kwamba upepo huo utawaletea nimonia. Nimonia husababishwa na vijidudu, wala si upepo upigao kifua. Kwa maoni yangu hofu hiyo imewafanya watu wasahau hatari iliyo karibu zaidi, yaani ile ya vidole. Mwili ukipoa hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili kuhifadhi joto la moyo, ubongo na viungo vingine vya ndani. Vidole hunyimwa damu. Neva zake hupitisha habari polepole, na misuli hupungua nguvu. Nayo mikono ndiyo iendeshayo pikipiki: mkono wa kushoto hushika klachi, wa kulia hushika breki ya mbele, ambayo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha chombo kwa kuwa uzito husukumwa mbele wakati wa kufunga breki. Dereva ambaye vidole vyake vimekakamaa, akachelewa nusu sekunde kukamata breki, huwa amekwisha kupita mita 8 kabla hajaanza kupunguza mwendo.

Waendesha bodaboda wamegundua dawa yao bila kwenda maabara: huvaa koti kinyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani na zipu ikiwa nyuma. Watu huwacheka, lakini fizikia iko upande wao. Upepo hupenya penye zipu na vifungo. Kitambaa kizima kisicho na mshono huuzuia. Kifua kikiwa na joto la kutosha, mwili hulegeza mishipa na kuruhusu damu ifike vidoleni. Karatasi za gazeti chini ya koti hufanya kazi hiyo hiyo, kwani huzuia upepo na kunasa hewa kati ya kurasa, na hewa iliyotulia ni kihami kizuri. Glavu nazo zisibane, maana glavu ya kubana hufukuza hewa na kuzuia damu. Pombe haifai kabisa, hata mbali na suala la ulevi: hufungua mishipa ya ngozi, mtu akaona amepata joto, kumbe analipoteza.

Pikipiki yenyewe, tuseme ile ya sentimita za ujazo 125 hadi 250, husumbuka kidogo tu. Petroli baridi hugeuka mvuke kwa shida, ndiyo sababu yenye kabureta huhitaji choki asubuhi, na oili nzito huchelewa kufika juu ya injini. Dakika moja au mbili za kuiwasha kabla ya kuondoka zinatosha.

Walimu wanaweza kulipima jambo la vidole darasani. Mwanafunzi mmoja aishike rula wima kwa juu. Wa pili aweke vidole kwenye alama ya sifuri bila kuigusa, na aidake inapoachiwa. Warudie mara 10 na kupata wastani. Kisha mdakaji atumbukize mkono katika maji baridi ya mtungi kwa dakika 3, aukaushe, na kurudia. Muda hupatikana kwa kugawanya mara mbili ya umbali kwa 9.8, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Sentimita 20 ni sekunde 0.20, sentimita 30 ni sekunde 0.25. Tofauti hiyo ndogo, kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, ni takriban sentimita 75 za barabara, na mkono huo ulipoa kwa dakika 3 tu.