Jasho Limesingiziwa

Siku niliyoanguka kutoka kwenye nguzo, nilikuwa nimepanda kama mita mbili. Mguu wa kulia nilikuwa nimeukunja kuizunguka nguzo, nikabana kwa nyuma ya goti, nikaanza kuachia mkono. Goti likachomoka kama kambale wa Wami anavyochomoka kiganjani. Nilitua kwa kiwiko, kikavimba kwa wiki mbili.

"Ni jasho, mjomba," nilisema huku nalia. Joto lilikuwa kali, hata mbwa walikuwa wamejificha uvunguni mwa mkokoteni.

Mjomba hakunijibu. Alileta bakuli la maji, akachovya vidole, akarushia nguzo pale nilipoteleza. Maji hayakutambaa. Yalijikusanya matone matone ya duara, kama umande juu ya jani la gimbi.

"Hili si jasho, mwanangu. Maji hayajikusanyi hivi juu ya chuma kisafi. Asubuhi ulijipaka nini?"

Nilikuwa nimejipaka mafuta ya nazi, miguu yote miwili, kama mtoto yeyote aliyelelewa akaleleka. Kwetu binti akitoka ndani na miguu imepauka, anayesemwa ni mama yake. Tangu siku ile nimewafundisha wasichana wengi wa hapa Dakawa kupanda nguzo, na karibu kila mmoja hufika na kauli ileile: nateleza kwa sababu natoka jasho sana. Naandika haya kwa sababu jasho limesingiziwa vya kutosha.

Nguzo ya nyuma ya nyumba

Uwanja wetu uko nyuma ya nyumba ya mjomba, hapa Dakawa, barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Ng'ambo ya barabara ni mashamba ya mpunga ya umwagiliaji yanayokunywa maji ya mto Wami. Nguzo yetu ni bomba la maji la inchi moja na nusu, lile la mabati mazito, ambalo ukilipima kwa nje unapata milimita 48 hivi. Limechimbiwa kwa zege, na juu limevutwa na nyaya tatu zilizofungwa kwenye mambo. Chini tumetandika magunia yaliyoshindiliwa majani makavu ya mpunga, na juu yake godoro kuukuu. Kila baada ya mavuno tunabadilisha majani, maana yaliyolaliwa hugandamana yakawa magumu kama udongo.

Mjomba alijifunza sarakasi Dar es Salaam akiwa kijana. Sarakasi ya nchi hii ina historia yake. Mwaka 1965 serikali ilipeleka vijana 20 China kujifunza, wakarudi mwaka 1969 na kuunda kundi la taifa. Wachina ni mabingwa wa zamani wa kupanda nguzo ndefu, hata leo wanasarakasi duniani wanaiita nguzo ya Kichina. Wahindi nao wana mchezo wao, mallakhamb, wa kupinda mwili juu ya nguzo ya mbao, na mwaka 2013 jimbo la Madhya Pradesh liliutangaza kuwa mchezo rasmi wa jimbo. Wapo pia wanaocheza dansi ya nguzo kama mchezo wa mashindano. Shirikisho lao la kimataifa lilianzishwa mwaka 2009, wanapanda nguzo ya chuma ya milimita 45, na mwaka 2017 umoja wa mashirikisho ya michezo duniani uliwapa nafasi ya mwangalizi.

Nayataja haya kwa sababu mtu akisikia binti anapanda nguzo, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye kumbi za usiku. Majirani walikuja kumwona mama, wengine kwa upole, wengine kwa ukali. Aliyelimaliza jambo hilo ni mjomba. Kwetu Waluguru, neno la mjomba kwa watoto wa dada yake lina uzito. Alikaa nao barazani, akawaeleza, akawaalika waje watazame. Waliona wasichana wanatokwa jasho kwa kazi, kama wanavyotokwa jasho wakipiga mpunga.

Mkulima na mate ya kiganjani

Tuanze na jasho lenyewe. Mwili wa binadamu una tezi za jasho milioni mbili hadi nne, na zimesongamana zaidi viganjani na nyayoni. Kazi kubwa ya jasho ni kupoza mwili, lakini jasho la kiganja lina tabia ya peke yake: huitikia hofu kuliko linavyoitikia joto. Ndiyo maana mtu anayesubiri matokeo ya mtihani analoa mikono hata akiwa kivulini.

Sasa mtazame mkulima kabla hajainua jembe. Anatemea mate viganjani, anasugua, ndipo anashika mpini. Hakuna aliyemfundisha darasani, lakini anajua kitu ambacho wanafunzi wangu huchelewa kukiamini: mkono mkavu kabisa nao huteleza. Unyevu kidogo hulainisha ngozi ya juu, ikalala vizuri kwenye kitu inachokishika, na mshiko ukaongezeka. Unyevu ukizidi, maji hufanya utando kati ya ngozi na nguzo, na hapo ndipo unaposhuka bila kupenda. Kwa hiyo hatutafuti kulikausha jasho lote. Tunatafuta kiasi chake.

Jambo la pili wengi hawalijui. Ngozi ya kiganja haina tezi za mafuta. Ukikuta mafuta kiganjani, yametoka kwingine: usoni, kwenye nywele ulizosuka jana na kuzipaka mafuta, au mguuni. Msichana anayejifuta uso kila anaposhuka anahamisha mafuta kutoka paji la uso hadi kwenye nguzo, halafu anayehukumiwa ni jasho.

Wezi wanne wa mshiko

Mjomba alinifundisha kwamba anayeteleza ameibiwa mshiko na mmoja kati ya wezi wanne: mafuta, joto, woga au uchovu. Kosa tunalolifanya ni kumkimbiza mwizi mmoja kwa rungu la mwingine.

Mwizi wa kwanza, mafuta, unamjua kwa maji niliyokwisha kuyaeleza. Matone yakisimama duara, nguzo ina mafuta. Dawa yake ni sabuni kwa ngozi na spiriti kwa nguzo. Tunatumia vitambaa viwili, kimoja cha mwili na kimoja cha nguzo, wala havikutani. Spiriti tunaiweka mbali na jiko la mkaa, maana inashika moto upesi. Siku ya mazoezi hatujipaki kitu tangu usiku wake: si mafuta ya nazi, si losheni. Hili ndilo gumu kuliko mazoezi yote, kwa sababu linagusa malezi yetu.

Mwizi wa pili ni joto. Bonde la Wami liko chini na lina joto, na mvua ya masika inapokaribia hewa hujaa unyevu, jasho likakosa pa kukaukia. Mchana jua hulichoma bomba hata halishikiki. Alfajiri nako umande umelala juu yake na chuma ni baridi, kinateleza kama kioo. Sisi hufanya mazoezi kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tatu, au jioni baada ya saa kumi na moja. Kwanza tunaifuta nguzo, kisha tunaisugua kwa mikono mpaka ipate uvuguvugu, maana chuma kilichopata joto la mwili hushikika vizuri zaidi. Kwa jasho la joto ipo pia poda nyeupe ya magnesiamu kaboneti wanayoitumia wanyanyua vyuma na wapanda majabali, ambayo hunyonya maji. Unapaka kidogo, unapiga makofi, inayobaki inatosha.

Hapa niweke onyo. Mwanafunzi wangu mmoja alikuja amejipaka poda ya mtoto mchanga viganjani akiamini inakausha. Poda nyingi za namna ile zimetengenezwa kwa talki, madini laini kuliko karibu yote, yanayopunguza msuguano. Alishuka nguzo yote kwa pumzi moja. Chaki ya ubaoni nayo haifanyi kazi ya magnesiamu. Utomvu wa misonobari, ule unaogemwa kwenye misitu ya Sao Hill kule Mufindi, hunata kweli ukichemshwa, ukaganda na kusagwa, na wanasarakasi wengi duniani wanautumia. Lakini unanata hata pale unapotaka kuzunguka, na ngozi changa inachubuka. Anayeanza simpi.

Mwizi wa tatu ni woga, na huyu poda haimwezi. Binti akiwa chini viganja vyake ni vikavu. Akifika mita moja na nusu vinalowa. Hali ya hewa haijabadilika, kilichobadilika ni umbali wa ardhi. Dawa ni kumrudisha pale ambapo moyo wake umetulia, arudie zoezi hilohilo mara kumi, ishirini, kisha apande kwa upana wa kiganja kimoja. Na kabla ya yote, somo letu la kwanza ni kushuka. Mwanafunzi anajifunza kubana kwa mapaja na kujishusha polepole mpaka kwenye godoro, siku nzima, kabla hajafundishwa kupanda. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na kwenye nguzo maneno hayo ni maelezo ya kazi. Ngozi ikishaanza kuteleza, msuguano hupungua, na kung'ang'ania papo hapo ni vigumu. Anayejua kushuka anageuza kuteleza kuwa mteremko wa hiari. Asiyejua anaachia, na kuachia ndiko kuanguka.

Mwizi wa nne ni uchovu. Anayeanza huishika nguzo kwa vidole kana kwamba anaikaba koo. Misuli ya kigasha inaungua, vidole vinafunguka vyenyewe, na kwa kuwa wakati huo tayari ametokwa jasho, anadhani jasho ndilo lililomwangusha. Mwambie apumzike dakika tano bila kufuta chochote, kisha apande tena. Akishika, ujue ulikuwa uchovu. Dawa yake ni mapumziko, maji ya kunywa, na kujifunza kugawa mzigo kwa kwapa, kunjo la kiwiko, paja na nyuma ya goti.

Ngozi au nguo

Kuna swali wazazi huuliza, nami naliheshimu. Je, lazima mtoto avae kaptula fupi? Kwenye chuma kitupu, ngozi ndiyo inayoshika, kitambaa kinateleza. Hiyo ndiyo sababu wanamashindano huacha miguu na mikono wazi. Lakini nguzo ya Kichina huvishwa mpira, na juu ya mpira mambo hugeuka: nguo inashika, ngozi tupu inaungua. Wanasarakasi wanaoipanda huvaa suruali ndefu na mikono mirefu. Wahindi nao, kwa nguzo yao ya mbao, hupaka mafuta ya nyonyo makusudi ili msuguano usiwachubue. Kila jadi imechagua kipimo chake cha kuteleza.

Nasi tulichagua chetu. Mjomba alinunua mipira ya ndani ya baiskeli iliyokwisha kutobolewa na kuzibwa mara nyingi, akaipasua kwa urefu, akaizungushia bomba la pili kutoka chini hadi juu. Sasa tuna nguzo mbili. Ya chuma iko ndani ya ua wa makuti, kwa wasichana peke yao. Ya mpira iko nje, na huipanda yeyote, na suruali yake, na hijabu yake iliyofungwa vizuri. Jasho halisumbui sana kwenye mpira, lakini vumbi linausumbua, kwa hiyo tunaufuta kwa kitambaa chenye maji kila jioni.

Wapo wachache ambao jasho lao ni tatizo kweli: viganja vinachuruzika hata wakiwa wamekaa, madaftari yanalowa, wanaogopa kupeana mikono. Hao siwaambii wavumilie. Hali hiyo inajulikana hospitalini na ina tiba, zikiwemo dawa za kupaka zenye chumvi za alumini ambazo hufanya kazi vizuri zikipakwa usiku kwenye ngozi kavu. Nilimsindikiza mmoja kwa daktari. Alikuwa ameishi miaka yote akidhani ana laana ya mikono.

Wiki iliyopita alikuja binti mpya, mtoto wa mkulima wa ng'ambo ya barabara. Aliniamkia, akanyoosha viganja vyake vilivyolowa kama mtu anayekiri kosa. "Mimi natoka jasho, dada. Sitaweza." Nilimpa bakuli la maji, nikamwambia airushie nguzo kwanza. Maji yalitambaa yakashuka moja kwa moja: nguzo ilikuwa safi. Basi nikamwambia akae chini, tuzungumze mpaka moyo wake utulie. Aliposhika nguzo baadaye, viganja vilikuwa na unyevu kiasi cha mkulima aliyetemea mate mpini. Alijishusha kutoka mita moja, polepole, bila kuachia.

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni, chupa ya mafuta ya nazi pajani. Siku hizi huileta mwenyewe jioni mazoezi yakiisha. Anatupanga mstari, mkubwa kwa mdogo, na kila mmoja ananyoosha miguu iliyopauka kwa sabuni na vumbi. Anatupaka mpaka ing'ae, ndipo tunaruhusiwa kwenda nyumbani.