Seva ya chama ikikataa faili mpya, usikimbilie kununua diski

Siku hizi si ajabu kukuta chama cha msingi, Saccos au duka la pembejeo likitunza kumbukumbu zake kwenye seva yenye mfumo wa Linux. Mara nyingi seva hiyo ni mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta kubwa zaidi. Kompyuta kubwa moja hubeba mashine pepe kadhaa, kama nyumba moja yenye wapangaji wengi. Karani naye huzifikia faili kupitia folda ya pamoja, ambayo huonekana kana kwamba iko kwenye kompyuta yake, kumbe iko mbali na inafikiwa kwa mtandao.

Mpango huu hupunguza gharama. Lakini siku seva inapokataa kuunda faili mpya, mizani husimama. Mkulima aliyeleta korosho hapati stakabadhi, na asiye na stakabadhi hana cha kuonyesha wakati wa malipo. Katika presha hiyo ni rahisi kwa viongozi kukubali ushauri wa kwanza wanaopewa, nao huwa ni kununua diski kubwa zaidi. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi. Unaweza pia kuwa hasara, kwa sababu tatizo huenda lingetatuliwa bila kununua chochote.

Nafasi ipo, daftari limejaa

Kosa linalochanganya zaidi ni pale seva inaposema hakuna nafasi, huku kipimo kikionyesha diski haijafika hata nusu. Diski ya Linux ni kama ghala lenye daftari la kupokelea mizigo. Kila faili, iwe kubwa au ndogo, lazima ipate mstari wake katika daftari. Mistari hiyo huitwa ainodi. Ikiisha, hakuna mzigo unaopokelewa hata kama ghala lina nafasi.

Tufanye hesabu. Katika mfumo wa ext4, unaotumika sana kwenye Linux, daftari hupangwa siku diski inapoandaliwa, na kwa kawaida hutengwa mstari mmoja kwa kila kilobaiti 16. Diski ya gigabaiti 20 hupata mistari milioni 1.3 hivi. Faili ndogo yenye maneno machache kwa kawaida huchukua kilobaiti 4. Kwa hiyo faili milioni 1.3 za aina hiyo zitajaza gigabaiti 5 tu, na daftari litakuwa limekwisha. Karibu robo tatu ya diski itabaki bila kazi.

Chama hakitoi stakabadhi milioni moja kwa msimu. Lakini zipo programu zinazoacha faili ndogo za muda kila karani anapoingia, na zisiposafishwa hurundikana mwaka hadi mwaka. Amri ya df -h huonyesha nafasi iliyobaki, na df -i huonyesha mistari iliyobaki. Fundi aliyetumia ya kwanza peke yake amepima upande mmoja tu.

Dawa ni kufuta faili za muda zisizotumika. Stakabadhi za misimu iliyopita zifungwe katika furushi moja, nakala iwekwe mahali pengine na kuhakikiwa, kisha zile moja moja ziondolewe. Stakabadhi 30,000 zilizofungwa pamoja huchukua mstari mmoja tu.

Ruhusa na majina

Ujumbe ukisema ruhusa imekataliwa, hilo si suala la nafasi. Linux humtambua mtumiaji kwa namba, si kwa jina. Katika folda za pamoja za NFS, kwa utaratibu wake wa kawaida, seva huangalia namba hiyo. Karani mwenye namba 1001 kwenye mashine moja na 1004 kwenye nyingine huonekana kuwa watu wawili. Hata mtumiaji mkuu wa mashine, anayeitwa ruti, huhesabiwa na seva ya NFS kama mgeni, isipokuwa seva imeelekezwa vinginevyo. Ndiyo maana programu inayoendeshwa na ruti huandika vizuri ndani ya mashine yake lakini ikakwama kwenye folda ya pamoja.

Fundi mwenye haraka anaweza kufungua folda kwa watu wote kwa amri ya chmod 777. Kazi itaendelea, lakini ni sawa na kuacha sanduku la fedha wazi. Yeyote anayeifikia folda hiyo anaweza kufuta stakabadhi za mkulima. Njia sahihi ni kulinganisha namba za watumiaji na kumpa ruhusa anayehusika tu.

Jina la faili nalo huleta tabu. Stakabadhi namba 145/2025 ikifanywa jina la faili, Linux huuchukulia mkwaju kuwa mpaka wa folda na kutafuta folda iitwayo 145. Nukta mbili katika saa 10:30 hukubalika Linux lakini Windows huzikataa. Tumia kistari badala yake.

Pale diski inapohitajika kweli

Mwenye kompyuta kubwa anaweza kuahidi mashine pepe tano gigabaiti 100 kila moja, huku diski halisi ina 300, akitumaini hazitajaa kwa pamoja. Zikijaa, inakuwa kama kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili. Mashine yako inaamini ina nafasi, lakini kuandika kunashindikana, na Linux inaweza kuifunga diski iwe ya kusoma tu ili kulinda yaliyomo. Hapa ni lazima mwenye kompyuta kubwa aongeze diski au apunguze wapangaji. Mkataba useme mapema gharama hiyo ni ya nani.

Hatari isiyo na kelele

Kosa baya kuliko yote halitoi ujumbe wowote. Mashine ikiwashwa kabla ya folda ya pamoja kuunganishwa, programu inaweza kuandika kwenye folda tupu yenye jina lile lile ndani ya mashine yenyewe. Karani anaona kazi inaenda. Folda ya pamoja ikirudi, inafunika ile ya ndani, na stakabadhi za siku hiyo hazionekani tena. Hazijapotea, ila ni vigumu kuzipata kwa asiyejua pa kutafuta. Folda hiyo tupu ifungwe isiandikike, ili muunganisho ukikosekana kosa lionekane mara moja.

Hatua za kuchukua

Kwanza, nakili ujumbe wa kosa neno kwa neno. Pili, fundi ajaribu kuunda faili tupu ndani ya mashine, kisha kwenye folda ya pamoja. Ya ndani ikikubali na ya pamoja ikakataa, shida iko kwenye folda, ruhusa au seva yake. Tatu, apime nafasi na mistari, yote mawili. Nne, amuulize mwenye kompyuta kubwa hali ya diski halisi.

Majibu yote manne yaandikwe kwenye karatasi na kupelekwa kwenye kikao pamoja na bei ya diski. Kamati isiidhinishe malipo kabla ya kuyaona. Wakati huo wote, kitabu cha stakabadhi cha karatasi kiwe karibu na mizani, ili mkulima asirudi nyumbani mikono mitupu.