Wiki Nane za Kifaranga

Kuku wa kienyeji akichelewa kukua, lawama ya kwanza huangukia mbegu. Mfugaji atakwambia koo huyu ni wa ukoo wa vijeba, kisha ataanza kuulizia jogoo wa mbegu za kisasa kama Sasso au Kuroiler. Mbegu ina sehemu yake, lakini sehemu kubwa ya ukuaji wa kuku wa kijijini huamuliwa kabla hajatimiza wiki nane, na yanayoamua ni njaa, baridi na maradhi.

Tuanze na yai. La kienyeji lina gramu 40 hivi, wakati la kuku wa kisasa wa mayai hufika 60. Kifaranga huanguliwa akiwa na takriban theluthi mbili ya uzito wa yai lake, kwa hiyo wa kienyeji huanza na gramu 27 tu. Kiini kilichobaki tumboni humlisha siku mbili tatu. Bado hajaota manyoya, na mpaka afikishe wiki tatu hivi mwili wake hauwezi kujitunzia joto barabara. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, ambazo kijijini hupatikana chini ya mbawa za mama yake. Koo akifunguliwa alfajiri na kuwapitisha watoto kwenye umande, chakula kidogo walichookota huishia kuupasha mwili joto. Cha kujenga nyama hakibaki.

Na chakula chenyewe ni kipi? Pasua gole la kuku aliyechinjwa jioni baada ya kuchakura mchana kutwa: utakuta pumba, punje za mahindi, vipande vya majani, changarawe, na ukibahatika, mchwa wachache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walichunguza magole ya kuku wa vijijini namna hiyo na kukuta virutubisho havifikii mahitaji ya ndege, tena hubadilika kwa majira. Tumbo limejaa, ila protini haitoshi. Pumba za mahindi zina protini asilimia 10 hivi, na kifaranga anahitaji karibu 20. Wadudu ndio wanaoziba pengo hilo, nao kiangazi huadimika. Ndiyo maana napenda sana ile mbinu ya chungu: kijaze majani makavu na samadi yenye unyevu, kifunike juu ya tundu la mchwa jioni, na asubuhi vifaranga wanakuta karamu.

Lakini karamu hiyo ikimwagwa uwanjani, majogoo wataimaliza kabla kifaranga hajadonoa mara mbili. Dawa yake ni tenga lenye matundu ya kumpitisha kifaranga na kumzuia mkubwa. Kifaa hiki cha bei ndogo kina faida zaidi kuliko jogoo wa kununuliwa, kwa sababu mbegu kubwa isiyolishwa nayo hudumaa. Hata akilishwa, kifaranga ana maadui wengine: usiku kuna utitiri wanaonyonya damu ndani ya banda, na tumboni kuna minyoo inayogawana naye kile alichokula.

Sasa mbegu. Kuchi, maarufu Mwanza na Shinyanga, ni mrefu na mzito. Ching'wekwe ni mdogo. Kishingo, kwa kukosa manyoya shingoni, hupoteza joto kwa urahisi na hivyo huvumilia maeneo ya joto kali. Hazina hii tunaiharibu wenyewe. Sikukuu zikikaribia, jogoo aliyekua haraka ndiye anayeuzwa au kuchinjwa, na aliyedumaa hubaki kupanda mitetea, wakiwemo dada zake. Vizazi vichache vya mtindo huo vinatosha kupunguza umbo la kundi zima.

Tumalizie na maradhi. Ugonjwa wa mdondo, au kideri, ukiingia kijijini unaweza kufagia karibu kundi lote. Chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne, huzuia janga hilo, na huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za zamani. Hapo huibuka jambo ambalo wafugaji wengi hawakulitarajia: kuku wanaongezeka, lakini makombo ya jikoni na mchwa ni vilevile, hivyo fungu la kila mmoja hupungua na ukuaji hushuka. Anayechanja apunguze majogoo wa ziada mapema, yule bora abaki, na chakula kilichookolewa kiende kwa tembe wanaojiandaa kutaga na vifaranga walio ndani ya tenga.