Fundi, Mbona Mwimbaji Hasikiki?

Mwezi uliopita vijana wanne walikuja kituoni kwetu na wimbo wao wa kwanza. Walikuwa wamechangishana fedha, wakalipia studio. Niliupiga kwenye spika ndogo iliyo mezani kwangu. Ngoma zilisikika, gitaa lilisikika, lakini mwimbaji alikuwa kama anaimbia ndani ya mtungi. Wimbo ulimhusu mama yake marehemu. Hilo nililijua kwa kuambiwa. Nikawaomba warudi kwa fundi.

Kosa hili ni la kawaida, na mara nyingi chanzo chake ni kuchanganya muziki kwa sauti ya juu mno. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walionyesha kuwa sikio halipimi sauti zote kwa mizani moja. Muziki ukipigwa kwa kishindo, besi hujaa. Ukipigwa polepole, besi hufifia kuliko sauti za kati. Ndiyo maana kinachonoga studioni hupwaya nyumbani, ambako watu husikiliza huku wakipika.

Tena sikio huchoka. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inapendekeza mtu asizidishe saa 8 kwa siku penye kelele ya desibeli 85. Zikifika 100, mwisho ni dakika 15. Fundi aliyechoka huongeza hapa, akaongeza pale, akaharibu wimbo na masikio yake pia.

Kosa jingine ni la wapigaji wenyewe. Kila mmoja husimama nyuma ya fundi akisema, "Nipandishie changu." Vyote vikipanda, hakuna kilichopanda. Gitaa la solo, kinanda na sauti ya mtu hugombea nafasi ileile. Katika dansi yetu ya zamani, mara nyingi solo lilimpisha mwimbaji, kisha likamjibu alipovuta pumzi.

Halafu kuna stirio. Sauti iliyotanuliwa kushoto na kulia kwa mitambo yaweza kufifia, hata kupotea, pande hizo zikiunganishwa katika spika moja. Na redio nyingi ndogo zina spika moja tu.

Basi fundi afanyeje? Aanze na mwimbaji, vingine vimfuate. Achanganye kwa sauti ya mazungumzo. Kabla ya kupandisha kimoja, ajaribu kushusha kingine. Apumzishe masikio kila baada ya muda, asikilize kwenye spika moja ndogo, na hukumu ya mwisho aiache hadi asubuhi.

Vijana wale wamerudi. Gitaa limeshuka kidogo tu, na sasa jina la mama linasikika. Nimeupiga hewani. Kwetu sisi wimbo ni maneno. Anayeyafukia amemnyima mwimbaji haki yake, na msikilizaji pia.

Tukutane juma lijalo.